Skii za Kauko

Hietaperä, Kuusamo
18 Septemba 1983

Kauko mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani, kama bado unapaita nyumbani. Mimi nipo, najikokota. Magoti yananiuma kila hali ya hewa inapobadilika, na unajua huku hali ya hewa haina kazi nyingine. Aune wa ng'ambo ya ziwa anakusalimu. Amefanyiwa upasuaji wa nyonga, sasa anatembea na fimbo akijiona malkia. Yule paka wa Mama bado yu hai. Macho yamekwisha, lakini akisikia kopo la samaki linafunguliwa anakuja mbio kama kijana. Beri za msituni mwaka huu zimezaa sana, nimechuma mpaka mgongo umegoma. Theluji bado, ila asubuhi nyasi zinavunjika chini ya viatu kwa jalidi.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa hoteli wamerudi. Wanataka nyumba, sauna na ufuko wote, wajenge vyumba vya wageni. Nimewaambia nitawajibu mwisho wa Machi. Nimechoka, Kauko, sikufichi. Tangu Mama yuko hai tunapokea wageni wa majira ya baridi kwenye ile nyumba ndogo, na tangu afariki ni mimi peke yangu. Nawasha jiko kabla hawajaamka, nazoa theluji wakiwa matembezini, nakoleza sauna kabla hawajarudi. Wakiondoka wananiambia, "Una bahati kuishi mahali pazuri hivi." Nami natabasamu huku koleo liko mkononi. Nikiwauzia hawa watu nyumba, nitapata chumba mjini ambacho joto linatoka lenyewe ukutani. Naota huo ukuta.

Kamati ya kijiji imetutaka kila nyumba iandike maneno machache, kwa nini mgeni aje kupumzika kwetu wakati wa baridi. Watayachapa kwenye karatasi ya matangazo. Haya ndiyo niliyoandika mimi:

"Njoo kwetu mwezi wa tatu. Jua limerudi na theluji bado imejaa. Utateleza na skii katikati ya ziwa umevaa sweta tu, na uso utaungua kama uliyekwenda pwani. Theluji yetu inameza kelele zote, hata zile za ndani ya kichwa. Ukichoka utaingia sauna, utamwagia maji mawe ya moto, utatoka nje mwili ukifuka mvuke, utalala kama mtoto mchanga. Utakula nyama ya poro, kulungu wetu wa kufugwa, na viazi vya kuponda na beri chachu. Ukibahatika, usiku mbingu itawaka kijani juu ya paa. Hakuna atakayekuuliza unafanya kazi gani. Njoo upumzike."

Mwenyekiti akasema nimetia chumvi. Sijatia hata punje. Nilipolisoma tangazo tena ndipo nikaona kwamba sikuwaandikia wageni wa Kijerumani. Nilikuwa nakuandikia wewe. Uliondoka 1959 na hujakanyaga tena hapa. Njoo Machi, kama mgeni, hutashika hata ufagio. Njoo uione nyumba kabla sijawajibu wale watu, kisha uniambie mwenyewe kwa mdomo wako kama tuiache.

Lami ya skii, ile ya mti inayozuia mbao isiloane, nimeshapaka, kama Mama alivyokuwa akifanya kila vuli. Zile mbao ndefu za kutelezea alizokuchongea Baba zinakungoja tu.

Dada yako,
Hilja


Mount Isa, Queensland
20 Oktoba 1983

Dada Hilja, shikamoo.

Barua yako imefika wiki iliyopita ikinuka lami, au ni mimi nimeanza kuzeeka vibaya. Ninaendelea vizuri. Joto limeanza, barabara inashika soli za viatu, na inzi wanagombea jasho letu. Wafini wenzangu wa klabu wamegombana tena juu ya uenyekiti, nusu yao hawaamkiani. Jirani yangu Pentti ameoa mara ya tatu. Sijui wanawake wanamwonea nini, hana nywele wala gari. Mwambie Aune asiharibu nyonga nyingine, amebakiwa na moja.

Tangazo lako nimelisoma nimekaa chini ya feni, na haki ya Mungu nimesikia baridi puani. Lakini dada, umewaficha watu mengi. Hukutaja kuni zilizogandana mpaka zigongwe kwa shoka. Hukutaja mlango wa choo cha nje unaokataa kufunguka wakati mtu ana haraka zake. Wala hukutaja Desemba, mtu anapokunywa kahawa ya mchana kwa taa. Ungeyaandika hayo, wageni wako wote wangekimbilia huku kwangu.

Kuja siwezi. Kazi imebana. Lori nimeshaacha kuendesha, siku hizi nakaa kituo cha mafuta, na mwenye kituo hana mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti changu. Machi ndiyo mbaya kabisa. Labda mwaka mwingine.

Kwa nini usije wewe? Umewapumzisha watu miaka yote, njoo nawe upumzishwe. Utakaa barazani kwangu miguu juu, utaona ndege wa rangi zote wakitukanana. Huku joto ni la bure, hatuwashi kuni. Hata sauna ya klabu mimi siingii, huu mwaka wa nne sasa. Wenzangu wanaingia kila Jumamosi, wanatoka wekundu kama kamba waliochemshwa, mimi nakaa nje na gazeti langu.

Kuhusu watu wa hoteli, wewe ndiye uliyebaki hapo, fanya uonavyo. Ukiwapa, wape. Na hizo skii mpe yeyote anayezihitaji, usijisumbue tena na lami.

Ndugu yako,
Kauko


Hietaperä
13 Novemba 1983

Kauko,

Marahaba. Mimi sijambo, ukiacha magoti. Theluji imeanguka siku nne mfululizo na nimeizoa siku nne mfululizo. Ziwa limeshika barafu mpaka karibu na kisiwa. Aune ameteleza kwenye ngazi zake mwenyewe, hakuvunjika, lakini fimbo ilivunjika. Anasema bora fimbo. Wageni wa kwanza wanakuja Krismasi.

Nimekaa na barua yako muda, nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, basi nakuandikia nayo hivyo hivyo.

"Kazi imebana." Maneno yale yale! Mama alipofariki, Februari ya 1980, nilikupigia simu ya maandishi posta, na jibu lako lilikuwa maneno hayo mawili na pole. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi wawashe moto makaburini siku nzima ndipo ichimbike. Unajua kwetu jeneza linabebwa na watu wa nyumbani, na upande wa kichwa, kulia, ni wa mtoto wa kiume. Watu walisimama wakaniangalia. Eino, mume wa Aune, akataka kushika. Nikamwambia akae kando. Nilishika mimi, Kauko, upande wako. Ule utepe wa kubebea ulinikata kiganja, nami nikawa nakulaani hatua kwa hatua, mchungaji akiwa mbele yangu na kitabu chake. Sijawahi kukuambia. Sasa nimekuambia. Miaka hii yote nakuandikia habari za paka na beri huku hilo limenikaa kooni.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo linaloninyima usingizi.

Huingii sauna. Umeliandika kama mtu anayesema haweki sukari kwenye kahawa. Wewe ulizaliwa sauna, Kauko! Mama alikuzaa kwenye hii hii ya ufukweni, mimi nikiwa mlangoni na ndoo ya maji, mtoto wa miaka minane, natetemeka. Baba alikuwa akiingia sauna akiwa na homa, akiwa na meno yanauma, siku ya vita na siku ya amani. Mtu wa kwetu haachi sauna eti kwa sababu nje kuna joto. Anaiacha kwa sababu mle ndani watu wanavua nguo zote, na kila mtu anamwona mwenzake alivyo.

Unaficha nini mwilini mwako? Una kidonda? Una ugonjwa? Au umejichora mwanamke uchi kifuani unamwonea haya mchungaji? Kama ni hilo nitacheka mwezi mzima na utasamehewa. Lakini sema. Mimi ni dada yako, nimekuogesha kabla hujajua kusimama.

Hilja


Hietaperä
21 Desemba 1983

Kauko,

Hii ni kadi tu. Posta kila siku naulizia, yule binti wa dirishani ameanza kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nyumba ndogo imejaa wageni, watu wa kusini na watoto wao, wanapiga kelele za furaha kwenye theluji na mimi napika.

Mkesha wa Krismasi nitakwenda makaburini kuwasha mishumaa kama kawaida, mmoja wa Baba na mmoja wa Mama. Mwaka huu sijui ninunue mingapi. Andika hata neno moja, nisije nikakuwashia na wewe.

Hilja


Mount Isa
9 Januari 1984

Dada Hilja, shikamoo.

Usiniwashie mshumaa. Nipo.

Nilianza kukuandikia mara nyingi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wote habari za Pentti, kwamba yule mke wa tatu ameondoka na friji. Nikauchana. Wa pili nilikuandikia kwamba nina ugonjwa wa ngozi. Huo nao nikauchana, maana ungenitumia dawa.

Sina mguu mmoja, Hilja. Umekatwa juu ya goti, Januari 1980.

Hakuna wa kulaumiwa. Gurudumu la lori lilipasuka mbali na mji, nikashuka kulibadilisha peke yangu. Jeki ikazama kwenye mchanga na lori likaniangukia. Nililala pale kwenye jua mpaka akapita mtu wa ng'ombe. Hospitali walijaribu wiki mbili kuuokoa, mwisho wakasema chagua, mguu au uhai. Nikachagua kwa shingo upande.

Habari ya Mama ilinikuta kitandani. Pentti ndiye aliyeileta akanisomea. Nikamwambia ajibu kwamba kazi imebana. Alikataa. Alisema, "Mwambie dada yako ukweli, we mpumbavu." Nikamtukana mpaka akaenda. Siwezi kukueleza vizuri kwa nini. Kila vuli barua ya Mama ilikuja na habari ile ile, skii zako nimepaka lami, ziko tayari. Baada yake ukaanza kuandika wewe. Ningewaambiaje watu wanaonipakia skii lami kwamba mguu haupo? Nilijiambia nitaandika nikipona. Nilipopona nikaona nimechelewa, na kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyokuwa ngumu.

Klabu wanajua kwamba nachechemea. Wengi hawajui kwamba suruali ile ndani yake ni mbao na mikanda. Sauna ni lazima uivue, kisha urukeruke kama ndege shore mpaka kwenye benchi huku watu wazima wanaangalia sakafu. Nilifika mlangoni siku moja na taulo begani. Nikasikia mawe yanavyolia maji yakimwagwa. Nikageuka. Nililia njia nzima, kama unataka kujua.

Nimechoka kuficha, dada. Mguu wenyewe ulinichosha mwaka mmoja, kuficha kumenichosha minne. Na sikujua kwamba ulishika upande wangu. Hata kama ningekuwa sina mguu kabisa, ningepaswa kuandika tu, usingebeba jeneza na laana juu yake. Nisamehe kwa hilo.

Nataka kuja. Nimetaka tangu niliposoma tangazo lako, naliweka chini ya mto kama mvulana. Lakini nije nifanye nini, mtu wa mguu mmoja penye theluji ya kufika kiunoni? Nimelipitia neno kwa neno. Kuteleza ziwani siwezi. Sauna naona haya. Limebaki la kulala tu, na kulala naweza hata hapa.

Wajibu watu wa hoteli bila kunisubiri.

Kauko


Hietaperä
1 Februari 1984

Kauko mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Aune anakusalimu, Eino anakusalimu, paka hajui kusalimu lakini amekalia barua yako.

Niliisomea kwenye kizingiti cha sauna. Nililia mpaka machozi yakaganda shavuni, kisha nikakutukana kwa sauti, kisha nikalia tena. Mjinga wewe! Mjinga kabisa! Mama angekubeba mgongoni kutoka uwanja wa ndege na yale mapafu yake mabovu. Zile laana nimezirudisha zote. Nilitembea jana kutoka lango la kanisa mpaka kaburini, njia ile ile tuliyombebea, nikafuta moja kila hatua. Mama nimemwambia pia. Nadhani alishajua.

Sasa sikia. Eino ametengeneza kishikizo cha mbao kuanzia mlango wa sauna mpaka kwenye benchi, na benchi lenyewe ameliteremsha. Hakuuliza ni vya nini, mimi mwenyewe nikamwambia. Akasema tu, "Basi nipige msasa vizuri asichomwe na vibanzi." Ndiyo aibu yote uliyokuwa unaiogopa, Kauko. Imekwisha kwa msasa.

Na kile kiti cha Mama cha kuteleza, chenye vyuma viwili chini, nimekitoa ghalani na kukinoa. Barafu ya Machi ikiwa ngumu utakaa mbele na blanketi, mimi nitasimama nyuma nisukume kwa mguu, tutazunguka kisiwa. Mimi nina magoti mawili mabovu, wewe unalo moja zima. Tukijumlishwa anapatikana mtu. Mwenyekiti nimemwambia tangazo langu linahitaji sentensi moja zaidi, kwamba asiyeweza kusimama atasukumwa. Amekubali, na safari hii hakusema habari za chumvi.

Watu wa hoteli nimewaambia wasubiri. Usije ukafikiri unakuja kuikomboa nyumba. Bado nimechoka, na ule ukuta wa joto bado nauota. Huenda tukauza. Lakini nataka tuseme wote wawili, tukishatoka sauna, tumekaa pale ngazini tunafuka mvuke. Sitaki tena kubeba upande wangu na wako.

Kuna jambo na mimi sikukuambia. Msimu wa baridi wa juzi alikuja daktari wa meno kutoka Hamburg, mtu mkubwa kama kabati. Skii zake zilipotea safarini, nikamwonea huruma, nikamwazima zako. Nikajiambia, Kauko haji. Alirudi jioni amebeba skii moja na nusu. Ya kushoto imekatika katikati, haitengenezeki. Alilia yule mzee, ikabidi nimpe kahawa na mkate mtamu. Tangu hapo kila vuli natoa kopo la lami, nawasha moto, napaka skii moja. Nilikuwa nafanya nyuma ya ghala Aune asinione, aseme nimerukwa na akili. Na wewe sikuweza kukuandikia, kwa sababu zile zile zilizokuzuia wewe.

Iliyobaki ni ya mguu wa kulia. Alama aliyochonga Baba kutofautisha kulia na kushoto bado inasomeka. Kwenye barua yako yote ndefu hukusema umekatwa mguu upi. Jibu upesi.

Dada yako,
Hilja


Mount Isa
13 Februari 1984

Dada Hilja, shikamoo.

Tiketi ninayo. Pentti ndiye atakayekaa kituo cha mafuta, Mungu awasaidie wenye magari. Jumamosi iliyopita aliniingiza sauna ya klabu, akaushika mguu wa mbao mlangoni kama mtu anayeshika koti la mgeni. Wenyeviti wote wawili waliangalia sakafu, kisha mmoja akasema mawe yamepoa, niwamwagie maji. Nikamwaga.

Nafika Kuusamo tarehe 17 Machi, basi la jioni. Koleza sauna.

Mguu uliokatwa ni wa kulia, yaani hata hapo hatukubahatika. Ipake lami hiyo skii. Nitaivaa kushoto.

Kauko